Fundo la Nyasi kwenye Mbura

Jumatatu, 3 Desemba 1906
Nimepasua kokwa za mbura tangu asubuhi. Kidole gumba kimevimba. Kiini kidogo, kazi kubwa, lakini kikitwangwa kinatoa mafuta na uji unashika. Mwanangu Hadija amemaliza kibakuli. Mara ya kwanza tangu askari wa Wajerumani wachome ghala letu la mtama. Baba yake bado yuko huko walikompeleka kuwabebea mizigo.

Mbura wangu uko porini, njia ya Chidya. Nimeufunga nyasi shinani. Mti uliofungwa una mwenyewe, haugusi mtu. Naokota matunda yaliyoanguka tu. Ya juu bado mabichi.

Jumatano, 5 Desemba
Somo yangu amekuja. Mama Zuhura, aliyenifunda unyagoni. Amekonda, mbavu zinahesabika. Nikampa uji. Akauliza mabura nayapata wapi. Somo hafichwi chakula, mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikampeleka. Akalishika fundo langu.

"Umefunga vizuri, mwanangu. Nani atakuibia hapa?"

Nikafurahi. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Desemba
Mti mtupu. Wameupiga kwa fito, matawi yametapakaa chini. Hata mabichi hawakuacha. Fundo liko palepale, halikulegea.

Nikafuata majani yaliyodondoka njiani. Yamenifikisha uani kwa Somo. Wanawe wanafukia mabura kwenye majivu yaive. Yeye anapasua kokwa, kanipa mgongo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Angeniomba ningegawana naye, hata nusu. Namchukia.

Jumapili, 9 Desemba
Hadija hakutoka kucheza. Anataka uji. Sina.

Jumatatu, 10 Desemba
Nimekwenda jalalani kwa Somo, mchana kweupe, anayetaka kucheka acheke. Wanawe wavivu, kokwa ngumu wamezitupa bila kuzipasua. Nikaziokota kwenye upindo wa kanga.

Somo akatokea mlangoni. Nikasema, "Shikamoo, Somo." Kwa ajili ya mtoto tu, moyo haukutaka. Hakuitikia. Akaingia ndani.

Uji umepatikana, nusu kibakuli. Hadija amelamba mwiko.

Ijumaa, 14 Desemba
Mvua imeanza. Mchicha pori unachomoza nyuma ya nyumba, tutachemsha huo. Hadija amekaa mlangoni, anakinga matone kwa kiganja.

Kisimani nimemkuta Somo. Akatua mtungi wake, akanitazama, akisubiri shikamoo yangu kama siku zote.

Nimechota maji. Nimejitwika. Nimerudi nyumbani.