Bibi Alikataa Niitwe

Mpenzi wangu,

Mimi mzima, tuseme hivyo. Viza imetoka, mwezi ujao nitaungana nawe chuoni, nisomee namna ya kuhifadhi hadithi za wazee kwa kompyuta. Mama ameshanikunjia masweta.

Niliporudi kutoka kwenye usaili wa viza, nilikimbilia chumbani kwa Bibi kumpa habari. Godoro lake lilikuwa limeegeshwa ukutani.

"Tulimzika juzi," Baba akasema. "Alikataa kabisa uitwe. Alisema, 'Mwacheni amalize mambo yake.'"

Hadithi zake thelathini nilizozirekodi ndizo zilizonipatia nafasi chuoni. Jana nilijikaza, nikafungua moja. Alikohoa, akaniuliza kwa utani wake, "Unanisikia, mume wangu?"

"Nakusikia, Bibi," nikajibu, naye akaendelea kusimulia.

Ni mimi wako.