Betri ya Lidwina na Ujumbe Ninaotaka Kuufuta

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla sijaueleza naomba itambulike kwamba mimi si mtu wa kubabaisha maneno, kwani ingawa shule niliishia darasa la saba, nimejisomea sheria kwa bidii yangu mwenyewe, na majirani hapa Songea mjini huniletea malalamiko yao niyapange kwa lugha inayostahili mbele ya mamlaka.

Ninamiliki duka la vifaa vya umeme wa jua. Miongoni mwa bidhaa zangu imo betri ya kisasa ambayo hujipima joto lake na kutuma tahadhari kwenye simu ya mtumiaji. Nilimuuzia betri hiyo Lidwina, fundi cherehani wa Ruhuwiko, na nilipomwomba simu yake ili niisajili, akatoa kitochi kilichofungwa kwa mpira, akasema, "Kaka Kajetani, hii yangu ni ya kupiga na kupokea tu, hayo mengine weka kwako," nami kwa moyo wa huduma nikaisajili betri kwa namba yangu, kama nilivyowatendea wateja wengine wenye simu za namna hiyo.

Kumbe Lidwina aliiweka sebuleni na kuifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama bibi harusi, akaziba matundu ya hewa, ilhali kijitabu kilichomo ndani ya boksi kinakataza jambo hilo waziwazi, kwa Kichina na kwa Kiingereza. Jumapili moja betri ikashika moto, na mama yake mzazi, aliyekuwa peke yake nyumbani, akaungua mkono akijaribu kuitoa nje.

Lidwina alikuja dukani mbele ya wateja. "Kaka Kajetani, mzigo wako umemuunguza mama."

Nikamjibu kwa utulivu, "Dada Lidwina, tuanze na usahihi. Si mzigo, ni kifaa. Na kilichomuunguza mama ni kitambaa chako."

Akanitazama, akasema, "Haya. Tutakutana hukohuko kwenye usahihi."

Sasa nimepokea hati ya madai, ananidai fidia, nami nimeandaa utetezi wangu bila wakili, nikieleza kwamba mdai alikitumia kifaa isivyostahili na kupuuza tahadhari zote. Tatizo ni kwamba tahadhari zenyewe zilikuja kwangu. Siku hiyo nilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara kwa shemeji yangu Otto, simu ikalia na kulia tena mfukoni, nikaona ni mambo ya joto, nikainyamazisha, kwa sababu ujumbe wa aina hiyo huja mara kwa mara na haijawahi kutokea lolote. Mke wangu, Noela, ananiambia, "Si ufute tu, Baba Remmy? Nani atakuja kuipekua simu yako?" Lakini wakili wa Lidwina, kijana ambaye hata suti yake haijamkaa, ameandika akitaka ujumbe wote wa betri upelekwe mahakamani. Je, nikiufuta kabla hakimu hajaniamuru, nitakuwa nimevunja sheria, au nitakuwa nimesafisha simu yangu tu?

Wako katika kuitafuta haki,
Kajetani, Songea

Kajetani,

Ni kweli unajua kupanga maneno. Umeyapanga vizuri hata nusura nisione moshi.

Unasema mdai alipuuza tahadhari. Tahadhari ipi? Ile iliyolia mfukoni mwako huku unatafuna pilau la Otto? Aliyepuuza ni wewe, na unataka kusimama mbele ya hakimu umbandike kosa hilo mwanamke ambaye simu yake haikulia kabisa.

Kufuta huko si usafi, ni kuharibu ushahidi, na unalijua hilo, ndiyo maana umeniandikia. Tena ni ujinga. Ujumbe ule haukuzaliwa kwenye simu yako. Ulitoka kwenye betri, ukapitia kwenye kompyuta za walioiunda, na huenda nakala iko huko mpaka leo. Yule kijana unayemcheka suti ataileta, kisha hakimu atakuuliza yako iko wapi. Utamjibu kwa lugha gani inayostahili?

Na hicho kitambaa! Wewe umekulia mji gani? Hapa kwetu redio hufunikwa, televisheni hufunikwa, hata jagi la maji lina kofia yake ya kufuma. Muuzaji anayejua hivyo anatamka kwa mdomo wake mwenyewe: hii usiifunike. Kijitabu cha Kichina hukukisoma hata wewe, ukamwachia fundi cherehani akisome.

Nakuhurumia kwa jambo moja. Huenda kosa si lako peke yako. Kifaa chenye akili za kutuma ujumbe kwamba kinaungua, kwa nini kilikosa akili za kujizima? Hilo ndilo swali la kumuuliza aliyekitengeneza na aliyekiingiza nchini, na wakili anaweza kuomba waunganishwe kwenye kesi. Lakini linaulizwa na mtu aliyekwenda na simu yake nzima. Aliyeifuta simu hasikilizwi hata kwenye ukweli.

Basi, funga duka leo. Wapigie wote uliowasajili kwa namba yako, na asiyepatikana mfuate, hata kama ni mbali kule Lusewa: vitambaa vitoke, na usajili uhamie kwa mtu wa nyumba hiyo mwenye simu inayofaa. Kesho tafuta wakili wako mwenyewe, umpelekee simu yako bila kugusa kitu, maana muda wa kuwasilisha utetezi unakwenda, na huo uliouandika usiufikishe popote.

Kisha nenda Ruhuwiko ukamwamkie yule mama. Wakili wako atakwambia nini usiseme. Mimi nakwambia nini useme: nimerudia kuisoma barua yako nikitafuta mahali ulipompa pole, sikupaona.