Chale za Bibi kwenye Mpini wa Brashi

Jumatano, Mtawanya

Sijui hizi alama nizipige msasa au niziache. Mteja wa brashi za kupakia povu la kunyolea ndevu anataka kila mpini wa mpingo niutie alama yangu. Nikachonga chale za usoni kwa bibi, maana ndizo nilizokua nikizitazama.

Leo nimemwonyesha. Amepapasa mpini, kisha shavu lake.

"Bibi, nimekosea?"

"Mimi nilichanjwa nikalia. Huu mti umelia?"

Nimeudhika, halafu nikaona haya. Nikachukua msasa. Akanishika mkono. "Usifute. Mstari wa chini umeusahau."

Sasa amekasirika, au amekubali?

Huo mstari nimeuchonga. Nimekata polepole, kana kwamba namchanja yeye.