Saa Tisa ya Wifi

Jumanne, 4 Machi

Kompyuta mpya imefika kiwandani. Mpya kwetu, huko ilikotoka ilishazeeka. Imeagizwa kutoka nchi ya mbali mashariki, bado ina vumbi la wenyewe. Nimeiwasha saa nne asubuhi, yenyewe inasema saa kumi jioni! Bosi kacheka: hii imeshamaliza kazi, inataka kurudi nyumbani.

Nikairudisha saa nyuma kwa mkono, nikazima ile sehemu ya kujirekebisha yenyewe. Basi. Saa za eneo sikuzigusa, nikaziacha hukohuko mashariki. Najua kabisa dawa ni kuchagua eneo letu — lakini mabango ya watu yalikuwa yanasubiri kuchapwa, na pale pembeni saa ilishaonekana sawa. Kazi nusunusu. Nani ataijua?

Alhamisi, 6 Machi

Leo wifi yangu, dada wa mume wangu, kaja kiwandani mbio, viatu mkononi. Ni mkunga. Miaka yote anakimbizana na chuo kimoja cha ng'ambo akasomee kulea watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Simu yake ni kitochi, haina intaneti, kwa hiyo barua pepe anazifungulia kwangu.

Wamemwita kwenye usaili! Kwa video. Mwaliko ukasoma: Jumatano, 3:00, mchana. "Saa tisa alasiri," kasema, kaiandika kiganjani kwa kalamu yangu.

Nikamwambia asihangaike, mashine nitamtengea. "Wifi yako ndiye fundi, wewe jitayarishe tu kujibu." Nilijisikia mtu wa maana.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kaja saa nane na nusu. Gauni limenyooshwa, nywele kasuka upya. Nikamwekea kiti, nikafunga mlango ili kelele za mashine zisiingie. Kafungua — hakuna mtu. Ujumbe tu: tumekusubiri tangu saa tatu asubuhi kwa saa za kwenu, hukutokea, tunakutakia kila la heri.

"Saa tatu? Wifi, si tuliona saa tisa?"

Nikaangalia. Kalenda ya barua pepe ilikuwa inahesabu kwa saa za mashariki, saa sita mbele yetu. Mwaliko ulikuja sawa. Mashine yangu ndiyo iliyougeuza.

Nilichosema? "Sijui, wifi. Labda wamekosea wao."

Labda wamekosea wao! Mdomo huu huu.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumbani wamempata wa kumcheka. Mama mkwe anasema msomi mzima kachanganya tisa ya Kizungu na tisa yetu. Mume wangu naye kamdaka: "Dada, na wagonjwa unawapa dawa kwa saa hizohizo?" Wakacheka.

Wifi kang'ang'ana. "Niliona kwa macho yangu, imeandikwa mchana! Muulizeni wifi, alikuwepo."

Wote wakanigeukia. Nikasema mimi nilikuwa na kazi, sikuangalia vizuri.

Alinitazama kidogo tu. Kisha akaondoa vyombo mezani.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewahi kabla ya bosi. Nimefungua mipangilio, nikachagua eneo letu, nikawasha saa ijirekebishe. Hata muda wa kuchemsha chai haukufika. Nilijiambia narekebisha kosa. Uongo. Nilikuwa nafuta nyayo.

Mchana wakaingia, mume wangu na wifi. Kumbe wamebishana asubuhi nzima, wamekuja kumaliza ubishi. Nikawafungulia mwaliko.

Jumatano, 9:00, asubuhi.

Mume wangu kapiga makofi. Wifi kaisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kugusa. Kasoma mara ya pili, kidole juu ya kioo. Hakulia. Kasema polepole, "Basi ni macho yangu." Kisha kaniomba radhi — mimi! — kwa kunitaja ovyo mbele ya mama.

Nikamwambia yameisha.

Jumapili, 16 Machi

Hajaenda zamu tangu jana. Kamwambia msimamizi wake anaogopa kupima dawa, haamini tena anachokisoma. Mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa huu.

Jioni hii kaniomba nimwandikie chuo barua ya kuomba radhi, labda watamfikiria mwakani. Tumekaa sebuleni, yeye anasema, mimi nachapa. Mume wangu na mama wanasikiliza, hawacheki tena. "Andika: kwa uzembe wangu mwenyewe nilisoma saa vibaya."

Nimechapa "kwa uzembe". Vidole vikagoma.

Nimewaambia nafuata miwani chumbani, mara moja. Nimekaa kitandani naandika haya. Nikirudi pale ni maneno mawili tu: wangu, au wake. Kumbe nikichapa "wangu" wataona ni yeye anayesema. Itabidi nitamke kwa mdomo kwamba ni mimi. Mbele ya mama.

Anaita. "Wifi, umeipata?"

Miwani nimeshaivaa, ndiyo ninayoandikia haya. Anaita tena, anauliza aje anisaidie kutafuta — nasikia kiti kinasogea —