Wajina wa Holger

Jette, 17 Oktoba 1993

Mdogo wangu Numbi,

Salamu nyingi kutoka huku Ubelgiji kwenye baridi. Sisi wazima. Binti yetu Anaïs anaongea Kifaransa mpaka anatusahihisha. Natumaini kikohozi cha mama kimepungua.

Kazi yangu ni ileile: nafua jezi za klabu na kusafisha viatu vya wachezaji. Ila msimu huu tumepata kiungo mpya, Mjerumani, anaitwa Holger Rademann. Numbi, laiti ungemwona. Si mwepesi, wala hapigi chenga za kufurahisha watu, lakini kabla mpira haujamfikia anageuza shingo, kushoto, kulia, na ukimfika tayari anajua aupeleke wapi. Wenzake wanakimbia, yeye anatembea, na bado anawatangulia. Baada ya mazoezi anakuja chumbani kwangu, anakaa juu ya kapu la nguo chafu na kula ndizi. Kifaransa chake ni kibovu kuliko changu cha mwaka wa kwanza, donc tunaelewana. Jezi yake naifua peke yake, kwa mkono, maana mashine inabandua ile namba nane ya mgongoni.

Shemeji yako Mwadi atajifungua Februari. Akiwa mvulana, jina unalijua. Nilikuahidi mimi kaka yako siku ile uliponisindikiza uwanja wa ndege: ataitwa Numbi, na wewe utakuwa wajina wake.

Hongera kwa lile goli.

Yaya wako,
Nday


Katuba, Lubumbashi, 5 Desemba 1993

Yaya Nday,

Nakusalimu kwa heshima. Mama hajambo, anakohoa asubuhi tu, na anakuulizia kila siku.

Barua yako nilimsomea. Nilipofika kwa Mjerumani akapitiwa na usingizi, na alipoamka nilikuwa bado kwa Mjerumani. Goli langu umelipa maneno manne. Lilikuwa goli la mguu wa kushoto, kutoka mbali, na watu walinibeba mpaka barabarani.

Nina wivu, yaya, sifichi. Jezi yangu ya kwanza uliifua wewe, pale bombani nyuma ya nyumba, ukasema maisha yako yote hutamfulia kiungo mwingine. Sasa unamfulia mzungu, tena kwa mkono. Mimi nafuliwa na nani? Mama anasema nina mikono miwili.

Nitumie kaseti nimwone huyo anayetembea. Hapa kwetu anayetembea uwanjani hutolewa.

Juu ya mtoto moyo wangu umetulia. Nimeutangazia mtaa mzima kwamba napata wajina Ulaya. Nguo ya kwanza ya kutembelea ni juu ya wajina, unajua desturi, nami nimeshaanza kuitafuta.

Mdogo wako,
Numbi


Jette, 2 Machi 1994

Mdogo wangu Numbi,

Natumaini nyote wazima, na mama amekaa karibu nawe unaposoma hii.

Ni mvulana. Ni mzito, analia kama mtu anayedai penalti, na Mwadi amepona vizuri.

Sasa nisikilize taratibu. Siku ile theluji ilikuwa imefunga barabara, tramu zimesimama, nami niko kazini. Jirani akapiga simu kwamba Mwadi ameshikwa na uchungu. Teksi hakuna. Holger alikuwa anafunga kamba za viatu, akaniona ninalia na simu mkononi. Aliacha mazoezi, akanipakia kwenye gari lake, tukamshusha Mwadi ngazi sisi wawili, na akatufikisha hospitali kiatu kimoja kikiwa hakijafungwa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, mtoto asingeishi. Kocha alimweka benchi Jumapili ile kwa kutoroka.

Mwadi alipopewa mtoto alisema, «Mutoto huyu asipopewa jina ya ule muntu, Mungu atatuuliza.» Bon, ningejibu nini? Kwetu watoto wangapi wana jina la dereva au la nesi? Nimemwita Holger.

Usinune, ndugu yangu. Lako litakuja kwa atakayefuata. Kaseti nampa Tonton Rigobert, yule mzee mwenye duka mtaa wa Chaussée d'Ixelles, anasafiri kuja huko mwezi ujao.

Yaya wako,
Nday


Katuba, 20 Juni 1994

Yaya,

Sisi wazima.

Mama hawezi kulitamka hilo jina. Aliuliza kama ni dawa ya kikohozi. Mimi majirani wananiuliza, wajina wako hajambo? Nasema hajambo. Nguo nilikuwa nimeshaipata, nimempa mtoto wa jirani.

Gari, hata dereva anaendesha. Mimi nisingekuwa na gari, ningembeba Mwadi mgongoni.

Jina langu usimpe atakayefuata. Sitaki kuwa mchezaji wa akiba kwa kaka yangu mwenyewe. Kaseti imefika. Sijaiangalia.

Mdogo wako,
Numbi


Jette, 12 Machi 1995

Mdogo wangu Numbi,

Salamu kwako na kwa mama. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nakujua wewe na kununa kwako, naandika hivyohivyo.

Mtoto anatembea na anapiga kila kitu teke. Holger alikuwa na msimu mzuri ajabu, wakamvika utepe wa nahodha, magazeti ya hapa yakaandika kwamba labda ataitwa timu ya taifa kwao. Kisha Desemba goti lake likageuka. Nilisikia mlio wake kutoka pale nilipokaa na ndoo ya maji. Amepasuliwa, na msimu umekwisha kwake.

Wewe nitakuambia ukweli. Nilipomweleza kwamba mtoto anabeba jina lake, alicheka, akanipa mkono, akaenda mazoezini. Anakaa Uccle, mji huuhuu, na hajaja hata mara moja kumwona. Najua kwao hakuna desturi hii. Lakini nilidhani jina lenyewe lingemwita.

Yaya wako,
Nday


Katuba, 3 Septemba 1995

Yaya Nday,

Nakusalimu. Mama mzima, anamsalimu mjukuu wake na anamwita «ule mutoto» mpaka atakapopata jina la kutamkika.

Kaseti nimeiangalia, kwa jirani yetu Papa Kazadi mwenye video. Nilitaka kumtafutia Mjerumani wako makosa, na nimeyapata. Mguu wake wa kushoto ni wa kupandia ngazi tu. Kichwa hapigi. Anawanyooshea wenzake kidole kama askari wa barabarani. Nikairudisha nyuma nikaangalia tena, na tena, mpaka Papa Kazadi akaniuliza kama umeme ni wa baba yangu. Watoto nao walikuwa wamejaa dirishani, kila akigusa mpira wanaitikia jina lake pamoja na mtangazaji, kwa namna yao: Oligeri!

Lakini ile shingo, yaya. Niliichukia kwa sababu ulisema kweli.

Jumapili iliyofuata nikashtukia nageuza shingo. Mpira ulinifikia nikiwa nimeshamwona Tharcisse, winga wetu. Nikampa bila kuinua macho, akafunga. Kipindi cha pili tena vilevile. Ndipo Papa Kazadi akasimama jukwaani: «Muangalie ule! Oligeri mwenyewe! Oligeri wa Katuba!» Uwanja mzima ukadakia. Sasa watoto wananiita Oligeri, kocha ananiita Oligeri, hata padri mlangoni mwa kanisa. Tunashinda kila wiki, na kila tukishinda jina langu linazidi kupotea.

Kwanza alichukua mikono yako, halafu mtoto, sasa amenivamia mpaka shingoni. Nimechoka naye.

Mwambie pole kwa goti. Mama amesimama hapa, hataki nifunge barua bila kusema hivyo.

Mdogo wako,
Numbi


Jette, 30 Juni 1996

Mdogo wangu Numbi,

Natumaini nyote wazima huko. Sisi tuna afya.

Nilicheka mpaka Mwadi akaja kuniangalia. Halafu miezi ikapita sijakuandikia, nawe hukuniandikia tena.

Holger alirudi uwanjani, lakini goti halikurudi naye. Kijana mmoja Mbelgiji amechukua nafasi yake, na jezi yake. Siku moja Holger aliingia chumbani kwangu, akaketi kwenye kapu lake, akaona nimeishika namba nane kwenye maji. Akaniuliza, «Hiyo pia unafua kwa mkono?» Nikasema ndiyo. Akainuka, akatoka. Hakuja tena chumbani. Usidhani ni wewe peke yako mwenye wivu, basi.

Mwezi uliopita alirudi Ujerumani, klabu ndogo ya daraja la chini. Hakuniaga. Nilikuta kabati lake tupu.

Juzi mtoto akaniuliza, «Papa, Holger ni nani?» Nikamwonyesha picha gazetini. Akatazama, akauliza, «Ananijua?» Nikamvisha viatu tukatoka kutembea. Numbi, nimempa mwanangu jina lisilo na mtu.

Yaya wako,
Nday


Jette, 11 Mei 1997

Numbi,

Tangu vita vifike Lubumbashi sijapata neno. Redio inasema mji umetulia, lakini redio haimjui mama. Simu haipiti. Tonton Rigobert naye hana habari.

Niandikie hata barua ya matusi. Nitaibusu.

Kaka yako,
Nday


Katuba, 21 Septemba 1997

Yaya wangu Nday,

Tuko hai. Mama mzima, mimi mzima, Papa Kazadi pia, ingawa video yake imeondoka na askari. Tulijifungia ndani mpaka kelele zikaisha. Nchi imebadilishwa jina, na sisi tumebaki walewale. Barua zako mbili zimenifikia siku moja.

Sitakudanganya. Nilipofika pale Mjerumani anaondoka, nilifurahi sana, nikaisoma sehemu ile mara kadhaa. Kisha nikafika kwenye swali la mtoto. Furaha yote ikaniisha.

Mjibu hivi. Hapa Katuba hakuna anayeniita Numbi isipokuwa mama. Ninaitwa Oligeri. Nimelitolea jasho jina hili, tena sikulitaka, kwa hiyo hakuna wa kusema nimeliiba. Mtoto akiuliza tena Holger ni nani, mwambie ni baba yake mdogo, namba nane, na mguu wake wa kushoto unafanya kazi. Mwambie anamjua, amemjua kabla hajazaliwa. Yule wa gari namshukuru kwa gari. Wajina wa mtoto ni mimi.

Nguo ya kwanza nimechelewa kuileta. Namtumia jezi yangu, itamfika magotini. Ina tope la mechi ya mwisho, nimemkataza mama asiiguse.

Ifue wewe, yaya. Za Mjerumani ulizifua vizuri. Hii ifue vizuri zaidi.

Mdogo wako,
Oligeri