Doto kampasua Kulwa kichwa mbele ya daktari

Amne, Doto kampasua Kulwa kichwa. Mbele ya daktari wa mama yao.

Daktari alieleza vizuri tu. Kabla ya upasuaji wa ile saratani ya njia ya haja kubwa, mama apigwe mionzi siku tano, au wiki tano pamoja na vidonge.

Doto akataka wiki tano, uvimbe usinyae kwanza. Kulwa akamkatiza: "Siku tano. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa."

Dakika kumi, Amne. Amemtangulia pacha wake dakika kumi.

Doto akamtwanga kiti cha kichwa. Damu mpaka kwenye mafaili.

Mama akafuta damu kwa kanga yake. "Nilishasaini siku tano jana. Hamkuniuliza."

Sasa Kulwa anashonwa, na mgonjwa ndiye anayemsubiri kwenye benchi.