Msitu Uliochomwa Harusini

Mjambere, Kisauni,
Mombasa.
9 Septemba 2024

Mpendwa Dada Mapenzi,

Shikamoo. Natumai joto la Doha limepungua na mgongo umekupa nafasi ya kulala. Sisi huku twapumua. Mama magoti yanamsumbua, lakini Jumapili alifika kanisani kwa miguu yake.

Harusi ya kaka yetu Menza imepita. Mkewe, Velma, ni mtu wa watu, Mama ameshampenda.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Wavijua vile vipande vya miti nilivyovichimbua bara, katika shimo la makaa ya mawe ya kahawia, kwa masomo yangu ya chuo. Miti hiyo ilizikwa mamilioni ya miaka, na bado haijageuka makaa kamili. Ukikata kipande chembamba ukakitazama kwa hadubini, waona vijishimo mti ulimopitishia maji. Nilikuwa nimeanza kuutambua msitu mzima: michikichi, miti ya kinamasi, na miti isiyo na pete za ukuaji, ishara kwamba mvua haikuwa ikikatika. Leo pale ni miiba na vumbi.

Magunia ya vipande hivyo niliyaweka stoo ya nyumbani. Asubuhi ya harusi nikaenda Kongowea kununua nyanya. Niliporudi, pilau ilikuwa motoni, moshi mweusi umetanda, wanuka kiberiti, wapishi wanakohoa. Nikachungulia chini ya sufuria, dada. Nikaona miti yangu.

"Kuni zimeloa mvua, na makaa si ni makaa tu?" Menza akaniambia. "Tena Dada Mapenzi mwenyewe ndiye aliyenipigia simu nisafishe stoo, vitu anavyoleta vipate pa kukaa."

Nilimwaga maji motoni mbele ya wageni. Shangazi Mwanatabu akanivuta mkono, akisema namtia ndugu yangu mkosi. Nilichookoa hakijazi kiganja, nacho kimepasuka. Shimo lenyewe lilishafukiwa. Mwalimu wangu kasema nianze utafiti mwingine.

Menza hakujua. Lakini wewe nilikutumia picha, nikakueleza, ukanijibu kwamba waona fahari. Simu moja tu kwangu, dada, ningeyahamisha magunia. Kumbe ulikuwa ukinisifu bila kunisikia.

Mama akusalimu, na Shangazi Mwanatabu, na Velma. Mungu akulinde ugenini, akurudishe salama. Siku hiyo nitakuja kukupokea, ila usitarajie nikukumbatie.

Mdogo wako, akupendaye hata kwa uchungu huu,
Nyamvula